Kabla hujamalizia kulipia kile kiwanja

Marahaba mwanangu. Hapa nyumbani tu wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, akishatembea kidogo linalegea. Picha za kiwanja nimeziona. Mdogo wako alinikuzia moja moja kwenye simu yake, nikavaa miwani, nikazitazama mchana na tena usiku. Ningefurahi zaidi kama ungenieleza mimi kabla ya kumpa dalali theluthi ya hela, lakini hayo tuyaache.

Nimeamua kuandika maana kwenye simu ukisema "sawa baba" mimi nanyamaza, na nikishanyamaza wewe unakwenda kufanya lile ulilokwisha kusudia. Ndivyo ulivyo tangu mdogo. Kwa hiyo nalisema hapa, nawe ulisome taratibu: usimalizie kulipa kabla ya masika. Muuzaji anataka hela yake mwisho wa mwezi huu wa pili. Mvua zinaanza mwezi wa tatu, na zile zenyewe hasa ni za mwezi wa nne. Ni miezi miwili. Kiwanja hakina miguu ya kuondoka.

Picha umepiga Januari, jua la utosini, ardhi imekauka hadi inapasuka. Nyufa zile ndizo zilizonishtua kwanza. Udongo unaopasuka namna ile ni mfinyanzi. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukuta uliokaa juu yake unacheza nao kila mwaka mpaka lipu inachanika juu ya madirisha. Halafu kuna picha ya tatu, ile dalali kasimama kifua mbele anaonyesha mpaka. Mtazame nyuma yake. Kuna magimbi. Yamesitawi, majani mapana kama sinia, katikati ya kiangazi, na hakuna mtu anayeyamwagilia. Mama, magimbi hayasitawi pakavu.

Najua utaniambia Goba, huko kilipo kiwanja chako, ni milimani. Ni kweli, na ndiyo maana nauliza. Mlima una juu na una chini, na maji ya waliojenga juu lazima yapite kwa aliye chini. Zamani udongo na majani viliyanywa. Siku hizi kila aliye juu ameezeka bati na kumwaga zege uani, tone halizami.

Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma. Milimita moja ya mvua ikishuka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Ile ramani ya nyumba uliyotuma, paa lake halipungui mita za mraba 150. Ikinyesha milimita 50, na kwa Aprili ya Dar hiyo si ajabu, paa lako peke yake limemwaga lita 7,500. Tangi la lita 5,000 linajaa na kufurika, na hayo ni yako tu, hujaongeza ya jirani wa juu na wa juu yake. Nimeitazama ramani hiyo kila upande. Nimeona chumba cha masta, nimeona sebule ya kuzama, nimeona mahali pa magari mawili. Sijaona maji yatapita wapi.

Nisije nikaonekana nakatisha tamaa. Nina fahari nawe ambayo sijui kuisema mbele yako. Katika ukoo wetu hakuna mtoto wa kike aliyenunua ardhi kwa mshahara wake, na shangazi yako nimeshamwambia, naye kawaambia wote. Ramani nayo ina mambo mazuri. Nimependa choo cha wote kimekaa karibu na chumba cha wageni na hakuna ngazi. Mama yako atakapokuja kukaa hatapanda. Vyumba vya kulala umevipa madirisha pande mbili, hilo limenifurahisha sana. Dar miezi ya joto, Desemba hadi Machi, upepo ni kaskazi, kisha kusi anakuja na kukaa hadi kwenye Septemba. Chumba chenye dirisha moja hakipati hata mmoja wao, maana upepo hauingii mahali usipoweza kutokea. Ila kumbuka yale madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu. Ukiweka hayo, yafanye mapana.

Ukuta mrefu usiuelekeze magharibi. Tofali la saruji linakula jua la alasiri lote kisha linakurudishia usiku wa manane ukiwa umelala. Upande ule weka stoo na bafu. Mtungi wa gesi ukae nje ya jiko, na chini kabisa ya ukuta wa jiko acha matundu, kwa sababu gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni kama maji. Grili za vyumbani, moja kila chumba iwe na bawaba na kufuli, ufunguo uning'inie ndani mahali mtoto anapofika. Nyumba imefungwa nondo kila dirisha, moto ukianzia sebuleni watu watatokea wapi?

Na lile paa la kuficha naomba ulifikirie upya. Najua ndiyo mtindo. Gata lake limejificha ndani ya kuta, majani yakiziba bomba hakuna anayeona, na maji yakikosa pa kwenda yanashuka ndani, kwenye dari yako ya gipsam. Bati la kawaida lililotoka nje ya ukuta futi tatu linakupa kivuli, linakinga lipu, na mvua unaiona inapoangukia. Tumerudi kwenye maji. Nisamehe, ndilo lililo kichwani mwangu.

Sasa nikuambie, na usikasirike. Jumamosi nilikwenda Goba.

Mdogo wako alinisindikiza, tulipanda daladala mbili na bodaboda. Kiwanja nilikitambua kwa magimbi. Nilisimama kwenye bikoni yako ya chini, lile jiwe la mpaka, nikatazama juu, nikahesabu mapaa 23 yaliyo juu yako. Kisha nikaenda nyumba ya pili kuomba maji ya kunywa. Mama mwenye nyumba ni mtu wa heshima zake, akatupa kiti barazani. Nimetundika milango ya watu miaka 32, siwezi kukaa mbele ya mlango nisiutazame. Wake ni wa mninga, kazi safi, fundi aliyeuranda alijua anachofanya. Bawaba tatu. Ya juu inang'aa. Ya kati ina madoa. Ya chini imekuwa kutu tupu, nilipoigusa ulibaki unga mwekundu kidoleni. Miguu ya fremu imegeuka nyeusi mpaka kimo cha kiganja kutoka sakafuni, na nilipobonyeza pale kwa ukucha, mbao ikabonyea. Mninga, mwanangu! Mninga hauozi kwa mvua ya kurushwa na upepo. Ule umesimama ndani ya maji, tena zaidi ya mwaka mmoja. Na mbele ya mlango wamejenga kozi mbili za tofali, mtu anaruka ndipo aingie kwake.

Nikamuuliza, masika huku mnaonaje? Akasema, "Maji yanapita tu baba, hayakai." Nikamuuliza yanapita wapi. Akanyoosha mkono kuelekea kiwanja chako.

Dalali anasema utajaza kifusi. Malori mangapi? Na ukishainua pako, maji yatahamia kwa yule mama aliyenipa kiti. Halafu karo la choo. Mahali ambapo maji ya chini yako karibu, masika yakikolea shimo la choo linajaa lenyewe bila mtu kulitumia, unavuta maji chooni na uchafu unarudi. Muuzaji anasema pale chini si mto, ni mkondo wa mvua tu. Muulize aliyepima, na uulize serikali ya mtaa, usimuulize muuzaji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Watu wa bonde la Msimbazi walikuwa na bili za umeme na za maji, wengine na watoto waliozaliwa palepale, na Desemba 2015 hadi Januari 2016 nyumba zao ziliwekewa X nyekundu na kubomolewa. Nilikwenda kumsaidia rafiki yangu kung'oa milango niliyomtengenezea. Tuliing'oa minne, wa tano hatukuuwahi.

Mafuriko ya hapa nyumbani ya Desemba 2011 sina haja ya kukusimulia, ulikuwa juu ya meza na mdogo wako. Ule mstari wa maji ukutani nimeupaka rangi mara nne, na kila masika unatokea tena kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Fremu kama ile ya Goba nazijua. Kabla sijanunua hapa tulipo, mwaka 1998, nilikuwa nimebadilisha fremu tatu katika mtaa huuhuu, zote zimeoza miguu. Nikalipwa ufundi wangu, na mwezi uliofuata nikanunua kiwanja. Mama yako alikuwa anataka kile cha kule juu, kwenye kichanga. Mimi nilisema ni mbali na kituo cha basi. Mpaka leo mvua ikianza usiku anaamka, anakwenda na tochi kuangalia chini ya mlango, anarudi kulala bila kuniambia neno. Na mimi huwa niko macho.

Kwa hiyo subiri. Mwambie muuzaji baba yangu mzee kaniomba, nitupie mimi lawama. Akikataa kungoja miezi miwili, ujue naye anaijua Aprili. Theluthi uliyotoa ikipotea, itauma, tutaitafuta. Mimi nina mbao za mkongo nilizoziweka tangu mwaka juzi, mtu amenifikia bei. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha nitapanda tena zile daladala na buti zangu, nisimame kwenye bikoni yako, na mdogo wako apige picha. Ukiona pamekauka, nitakuja mwenyewe kutundika milango yako yote na sitakudai hata ya msumari.

Mengine ni ya kawaida. Mwembe umezaa sana mwaka huu na popo wamejua. Mdogo wako ameanza fundi umeme chuoni, anashinda anafungua soketi zangu, mwambie aache ile ya friji. Shangazi yako anaulizia kitenge ulichomuahidi, mimi simo. Pampu ya tangi imekufa, tumerudi kwenye ndoo. Dawa za mama yako zipo za kutosha mpaka Pasaka. Cherehani yake bado iko juu ya yale matofali manne, nilitaka kuishusha Krismasi ili ashone vizuri, maana goti linamuuma kukanyaga kutoka kule juu, akakataa. Mkanda wake umekatika. Huku nimeukosa wa saizi ile. Ukipita sokoni Mwanza mtafutie, ni cherehani ya miguu, mkanda wa ngozi, na unitumie pamoja na jibu lako kabla ya Ijumaa.

Ni mimi baba yako.