Waulizeni mawaziri nani atafungua chumba cha upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu maswali ambayo wabunge wetu wa Nyanda za Juu Kusini huiuliza Serikali juu ya hospitali na huduma nyingine za jamii. Mimi ni mkulima wa viazi katika safu ya milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, na Bunge linapoketi huwa nabeba redio yangu hadi shambani, kwa sababu kipindi cha maswali hutangulia asubuhi, na ndipo kata kama yetu inapoweza kusikika ikitajwa kwa jina mbele ya waziri.

Katika mkutano mmoja uliopita nilimsikia mbunge wa huku kwetu akiuliza ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata ambayo wananchi wake walikwisha kupandisha boma kwa nguvu zao hadi kwenye lenta. Alijibiwa kwamba Serikali inatambua jitihada za wananchi hao na kwamba itapeleka fedha kadiri zitakavyopatikana. Alikuwa na nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. La kwanza alilitumia kushukuru na kumwomba Naibu Waziri afike jimboni ajionee mwenyewe. La pili alilitumia kuomba boma la kata nyingine nalo limaliziwe. Akaketi, na Spika akaita swali linalofuata.

Simlaumu kwa kusimama, kwa kuwa wapo wasiosimama kabisa. Ninachosema ni kwamba swali la "lini mtajenga" lilikuwa na uzito wake katika miaka ya Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, kuanzia 2007 hadi 2017, ambao ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Tangu wakati huo majengo mengi yamesimama, mengine kwa fedha za tozo ya miamala ya simu tuliyoanza kukatwa Julai 2021, na mwananchi mwadilifu hawezi kukana kwamba kazi imefanyika. Katika kata nyingi za milimani sasa kuna jengo zuri lenye bati la rangi, na bado mgonjwa analipita akielekea mjini.

Nilielewa hivyo usiku mmoja wa Januari mwaka huu, shemeji yangu aliposhikwa na uchungu. Tulimfikisha katika kituo cha afya kilicho karibu kikiwa na muuguzi mmoja tu wa zamu, ambaye alimpima, akatuambia bila kuficha kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba mama anahitaji upasuaji. Chumba cha upasuaji kilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama. Kilikuwa na kufuli, na kupitia kioo cha mlango niliiona kwa mwanga wa tochi ya simu meza ya upasuaji na mashine ya dawa za usingizi ikiwa bado imefunikwa nailoni iliyokuja nayo. Muuguzi alisema mtaalamu wa usingizi aliyepangwa pale alihamishwa na hajaletwa mwingine. Akapiga namba 115 ya kuita usafiri wa dharura kwa wajawazito, lakini gari lililokuwa karibu lilikuwa limebeba mgonjwa wa bonde la pili, na barabara ilikuwa tope la kuteleza. Tulitandika godoro kwenye kirikuu ya jirani, muuguzi akapanda nyuma pamoja nasi akiwa ameshika chupa ya dripu juu ya kichwa chake, tukashuka mpaka jijini Mbeya, ambako shemeji alifanyiwa upasuaji kabla hakujapambazuka.

Mama na mtoto wote walipona, namshukuru Mungu, na nawashukuru wahudumu wale. Lakini kwa kuwa walipona, usiku ule haukuingia katika hesabu yoyote. Serikali ikiulizwa kuhusu kata yetu itajibu, na itakuwa inasema kweli, kwamba kituo kipo, chumba cha upasuaji kipo na vifaa vipo.

Hapo ndipo naona swali la mbunge linapopotea, na sababu moja ni kwamba jambo moja kwa mgonjwa ni la ofisi tano kwa Serikali. Kituo cha afya kinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri inasimamiwa na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kibali cha kuajiri mtaalamu wa usingizi kinatoka Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi wa umma. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, ambayo iko chini ya Wizara ya Afya. Umeme wa kuendesha mashine ni wa Wizara ya Nishati, maji ya kunawia mikono kabla ya upasuaji yanasubiri RUWASA, wakala wa maji vijijini walio chini ya Wizara ya Maji, na barabara anayopita mgonjwa wa rufaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inayoturudisha tena TAMISEMI. Mbunge akimuuliza waziri mmoja kuhusu hospitali, waziri huyo hujibu kipande chake, kwa uaminifu kabisa, na vipande vilivyobaki havijibiwi na mtu.

Kwa hiyo naomba wabunge wetu wabadili namna ya kuuliza. Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inataja kumuuliza waziri swali kuwa njia mojawapo ya kutimiza kazi hiyo. Kusimamia ni zaidi ya kuomba. Badala ya kuuliza ni lini kituo kitajengwa, mbunge na aulize kituo kilichokwisha kujengwa kimefanya upasuaji wa wajawazito wangapi tangu kifunguliwe. Aulize ikama yake, yaani idadi inayotakiwa, ni watumishi wangapi, waliopo ni wangapi, na pengo hilo limetengewa nafasi ngapi katika kibali cha ajira cha mwaka huu wa fedha. Jibu la maswali kama hayo ni namba, na namba haifunikwi na shukrani. Waziri akisema "kadiri fedha zitakavyopatikana", hapo ndipo pa kutumia swali la nyongeza: fedha hizo ziko katika fungu gani la bajeti, na zinatarajiwa robo gani ya mwaka? Asipokuwa nalo jibu, hilo nalo litaandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata mbunge anaweza kulisoma tena mbele yake.

Naandika haya nikijua kwamba nchi imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Ni maelfu ya akina mama walio hai, na yeyote aliyechangia katika kazi hiyo anastahili heshima. Ninachohofia ni kwamba hao wanaoendelea kufariki ndio wa maeneo kama yetu, wenye milima, mvua inayoanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na jengo lenye kufuli.

Sisi wananchi nasi tumekuwa tukimpa mbunge kazi rahisi. Katika mikutano ya hadhara tunamuomba jengo, kwa sababu jengo linaonekana, nasi tunapiga makofi siku ya jiwe la msingi. Safari hii tumefanya tofauti. Wajumbe wa kamati yetu ya afya wameandika karatasi ya ukurasa mmoja yenye idadi ya watumishi waliopo na wanaotakiwa, tarehe aliyoondoka mtaalamu wa usingizi, na idadi ya akina mama waliopewa rufaa kwenda mjini tangu Julai. Tulimkabidhi mbunge wetu mkononi alipopita kijijini. Aliisoma yote akiwa amesimama, akauliza maswali mawili, akaikunja na kuitia katika mfuko wa koti. Bunge la bajeti linaanza Aprili, na tutakuwa karibu na redio.

Mkulima na msomaji wako,
Mbeya