Michirizi ya Fedha kwenye Majani ya Mlimau, na Kwa Nini Hatukimbilii Kukuuzia Dawa

Wateja wengi hutuletea jani la mlimau au mchungwa lililojikunja, lenye michirizi inayong'aa kama njia ya konokono, na papo hapo huulizia dawa ya kupulizia. Sisi huwaomba kwanza waliinue jani hilo kwenye mwanga. Katikati ya mchirizi huonekana uzi mwembamba mweusi, ambao ni kinyesi cha kiwavi aliyepita humo, na mchirizi unapoishia, ikiwa bado hajatoka, yupo kiwavi mwenyewe, wa rangi ya kijani-manjano na mwenye urefu wa milimita 3 hivi.

Mama yake ni nondo wa rangi ya fedha mwenye doa jeusi kwenye ncha ya kila bawa. Mabawa yakitandazwa hayafiki sentimita 1, na kwa kuwa huruka jioni na alfajiri, ni nadra mtu kumwona. Hutaga mayai yake kwenye majani machanga tu. Kiwavi akianguliwa hupenya chini ya ngozi ya jani na kufyonza utomvu huku juu yake ukibaki utando mwembamba. Utando huo ndio ngao yake, maana dawa inayobaki juu ya jani haimfikii. Akishakua huenda ukingoni, akaukunja kwa nyuzi za hariri na kuwa pupa (hatua ya kiwavi kugeuka kuwa nondo) humo ndani. Mzunguko wote huchukua takribani wiki 2 penye joto, na huweza kupita wiki 7 penye baridi.

Ndiyo maana mtu anayepulizia baada ya kuona michirizi huwa amechelewa, na mara nyingi huishia kuwaua nyigu wadogo wanaotaga mayai yao kwa viwavi hao na hivyo kuwaangamiza. Kosa lingine, ambalo kwa maoni yetu ni baya zaidi, ni kuyakata majani yaliyoharibika: sehemu yake ya kijani bado inaulisha mti, na ukataji huamsha machipukizi mapya, yaani chakula kile kile anachokitafuta nondo.

Mti uliozidi miaka 4 kwa kawaida huvumilia. Kwa miche michanga tunashauri kuondoa maotea yanayochipua chini ya kiungo (mahali mche ulipounganishwa na shina la chini), kutozidisha mbolea ya naitrojeni wakati nondo wamejaa, na kupulizia mafuta maalumu kwa ajili ya mimea machipukizi yanapoanza tu kufunguka, kwani mafuta hayo humzuia nondo kutaga. Kazi hiyo ya kupulizia tunaifanya sisi wenyewe, mradi utuite majani yangali laini na hayana mchirizi hata mmoja.