Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwalimu mkuu,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Afya tunakukaribisha shuleni kwetu na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi uje kutusikiliza. Klabu hii ipo ili wanafunzi tujue kujikinga na maradhi kabla hayajatulaza kitandani. Mwaka huu tulichagua magonjwa yanayosababishwa na virusi, kwa sababu ndiyo yanayotupata mara nyingi, na ndiyo tunayoyatibu ovyo kuliko mengine yote.

Hilo la kutibu ovyo tulieleze wazi, mheshimiwa. Mwanafunzi akianza kupiga chafya na koo likamuwasha, haendi kwa mganga. Anakwenda kwa rafiki yake wa bweni, ambaye ana vidonge vya rangi mbili vilivyobaki tangu alipougua jipu. Anameza viwili, kesho viwili, keshokutwa anajisikia nafuu na kuviacha. Kisha anawatangazia wenzake kwamba dawa ile ni kiboko. Ukweli ni kwamba mafua yangepona yenyewe kwa muda uleule. Vidonge vile ni antibiotiki, na antibiotiki huua bakteria. Penisilini, kwa mfano, huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kirusi, kile kinacholeta mafua, hakina ukuta huo. Hakiwezi hata kuzaliana mpaka kiingie ndani ya seli ya mtu na kuiteka. Vidonge vile havikukigusa. Kazi vilivyofanya ni kuwazoesha dawa bakteria waliomo mwilini, ili siku mwanafunzi huyo akipata nimonia ya bakteria, dawa imwangushe.

Mafua ya kawaida, basi, yanataka mapumziko, maji ya kunywa na dawa ya kutuliza homa, tena si aspirini kwa watoto na vijana, kwani inaweza kuwaletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Mafua makali, yale ya influenza, ni jambo jingine. Kwa wazee, watoto wachanga, wajawazito na wenye pumu yanaweza kuua. Yapo madawa ya kupambana na kirusi chake, lakini hufaa zaidi yakianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mgonjwa anayepumua kwa shida hapaswi kusubiri.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ugonjwa uliotushangaza zaidi katika masomo yetu ni surua. Wengi wetu tuliuona kama vipele vya watoto tu. Kumbe mgonjwa mmoja, katika watu wasio na kinga, anaweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18. Akikohoa darasani kisha akatoka, hewa ya chumba kile inaweza kuambukiza hadi saa mbili baadaye. Ubaya zaidi, huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea, wakati bado anaonekana ana homa, kikohozi na macho mekundu kama mtu mwenye mafua. Baadaye ndipo vipele huanza usoni na nyuma ya masikio, vikashuka kifuani hadi miguuni. Surua huleta nimonia, kuhara na hata upofu, tena hufuta kumbukumbu ya kinga ambayo mwili ulikwisha kuijenga dhidi ya maradhi mengine. Dawa ya kuua kirusi chake hakuna. Mtoto mgonjwa hupewa vitamini A, maji na matunzo. Kwa hiyo tegemeo ni chanjo, dozi mbili, na jamii inahitaji takriban watu 95 kati ya kila 100 wawe na kinga ili ugonjwa ukose pa kupita.

Kuna wenzetu wanaokwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Tuliwasimulia habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, aliyekwepa chanjo ya ndui kwa hofu hiyohiyo. Mwaka 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Alipona, na miaka mingi baadaye alikuwa akipita kuwahimiza wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio. Ndui yenyewe ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980.

Kuhusu virusi vinavyopita katika damu, tunasema machache. Homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hivyo wembe wa kuazimana bwenini si undugu. Ina chanjo. Aina ya C haina chanjo, lakini siku hizi huponywa kwa vidonge vya wiki chache. Virusi vya UKIMWI havijapata dawa ya kuviondoa kabisa, ila anayemeza dawa zake kila siku hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Tunayo haki gani, basi, ya kumnyanyapaa mwanafunzi anayemeza dawa zake kwa wakati? Huyo anatushinda nidhamu.

Kichaa cha mbwa nacho hatuwezi kukiruka. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo kinazuilika. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Dakika 15 ni ndefu mno ukiwa umesimama bombani na mguu unauma. Tulijaribisha kwa saa, na wengi waliacha mapema wakidhani muda umeisha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na kazi hiyo tunazo changamoto. Bomba lililo karibu na vyoo hutoa maji, lakini sabuni haikai. Vitakasa mikono haviwezi kuziba pengo hilo, maana baadhi ya virusi vya kuhara na kutapika havifi navyo kirahisi. Mikono inataka kusuguliwa kwa sabuni. Wanafunzi wengi hawajui walichanjwa nini, na kadi zao zimepotea. Vilevile, baadhi ya wazazi wanaamini chanjo ya HPV huwafanya mabinti wagumba. Haifanyi hivyo. Inawakinga na virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na hufaa zaidi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, utusaidie kupata sabuni ya kudumu na vishikizo vya kuifungia ukutani. Pili, mhudumu wa afya aje kila muhula kukagua hali ya chanjo za wanafunzi na kuwachanja waliokosa. Tatu, mtaalamu azungumze na wazazi kuhusu HPV wakati wa kikao chao, kwa sababu sisi watoto wao tukiwaambia hawatuamini. Darubini hatuombi, ingawa wenzetu wa maabara walitusukuma tuiombe. Virusi ni vidogo mno kwa darubini ya shule, na hela yake itanunua sabuni nyingi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Afya