Arifa za mafaili yanayofutwa zisipuuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonisumbua kila ninapokabidhiwa hifadhi ya wingu, yaani mahali pa kuweka mafaili mtandaoni, niitunze. Mimi ni mtunza kumbukumbu. Karibu kila mara nakuta arifa za mafaili yanayoingia zimewashwa: nyaraka ikipakiwa tu, barua pepe imefika. Za mafaili yanayofutwa, kimya. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Si kuna pipa la taka?"

Lipo, lakini pipa la Google Drive hujisafisha lenyewe baada ya siku 30. Anayepata habari leo kwamba folda imefutwa huirudisha leo hii. Anayegundua baada ya robo mwaka huishia kuwabembeleza wenzake wamtafutie nakala kwenye kompyuta zao, na mara nyingi hakuna aliyebaki nayo.

Hata wanaowasha arifa hizi, wengi huziwasha nusu. Chukua Amazon S3, huduma ya kampuni ya Amazon ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Baketi, yaani chombo cha kuwekea mafaili humo, ikiwa imewekwa itunze matoleo ya zamani, mtu akifuta faili kwa njia ya kawaida haliondoki. Linawekewa alama tu kwamba limefutwa, na tukio hilo lina jina lake, DeleteMarkerCreated. Aliyejiandikisha kupata arifa za tukio la Delete peke yake hasikii chochote, kwa sababu hilo hutokea pale toleo lenyewe linapofutwa kabisa. Mafaili yanayoondolewa na ratiba ya kujifuta nayo yana tukio la tatu, LifecycleExpiration. Ofisi moja niliyoitwa kuisaidia ilikuwa na mlinzi kwenye mlango mmoja, na mafaili yakitokea milango mingine miwili. Iliniuma sana, maana wale watu walidhani wamejikinga.

Kuna na hili la majina. Faili liitwalo "mkataba wa ulinzi.pdf" huja ndani ya arifa ya S3 likiwa "mkataba+wa+ulinzi.pdf". Programu isiyorudisha jina katika hali yake ya asili hulitafuta, hailioni, kisha hutangaza kwamba limepotea. Tena arifa moja yaweza kufika mara mbili, au ya baadaye ikaitangulia ya mwanzo. Wafanyakazi wakishatishwa bure mara kadhaa, wanazima kila kitu.

Kwa hiyo nawasihi wenye mifumo hii: chujeni arifa kwa folda, mafaili ya muda yasifunike yale ya maana. Zipelekeni kwenye anwani ya kitengo, si ya mtu mmoja ambaye kesho anahama. Kisha pakieni faili la majaribio, lifuteni, mkae muone kama taarifa inafika. S3 kwa kawaida hutuma ndani ya sekunde chache, ingawa wakati mwingine huchukua dakika moja au zaidi.

La mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote: mwenye ruhusa ya kufuta mafaili asipewe pia ruhusa ya kuzima arifa. Ruhusa hizo mbili zikiwa kwa mtu mmoja, au nywila yake ikiibwa, folda nzima itaondoka bila mtu kuambiwa.

Wako,
Mtunza kumbukumbu