Ratiba za shule za pwani zifuate bamvua

Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yakitoka, watoto wa vijiji vya wavuvi vya Kilwa na Mafia huitwa watoro, na wazazi wao huambiwa hawaithamini elimu. Wanaosema hivyo nawaomba wafungue daftari la mahudhurio huku wameshika kalenda ya mwezi.

Pwani kwetu, maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hutoka sana mnamo saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo mwamba wa pweza huwa wazi kati ya saa tatu na saa sita, mtoto anapotakiwa kuwa darasani. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo wavuvi wanaijua vizuri, bamvua huangukia takriban tarehe 29 hadi 3, kisha 14 hadi 18. Ni siku kumi. Ukitoa Jumamosi na Jumapili zinabaki kama saba za masomo, karibu theluthi ya siku za masomo za mwezi. Anayezikosa zote hupoteza zaidi ya siku 60 kati ya 194 za mwaka wa shule. Hesabu za sehemu hufundishwa yeye yuko mwambani. Akirudi anakuta desimali, na asilimia haishiki tena. Akipokewa kwa viboko, wengine ndiyo hawarudi kabisa.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na ni jambo kubwa. Ila pweza wa asubuhi ndiye unga wa jioni.

Vipindi vya fidia viwekwe siku za maji mafu, si Jumamosi yoyote tu. Siku hizo maji hayatoki vya kutosha, mwambani hakuna wa kwenda, na mtoto anaweza kukaa saa mbili zaidi mchana kwa Hisabati na Kiingereza. Katika bamvua mwalimu asianze mada mpya, afanye marudio. Michango ya chakula nayo ikusanywe mara baada ya bamvua, fedha zikiwa bado nyumbani, badala ya siku ya kufungua muhula. Na vijiji vinavyofunga mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, vichague kuufungua katika bamvua la likizo ya Juni au Desemba, kwa sababu siku hiyo kijiji kizima hushuka pwani.

Bila kidato cha nne hata bahari yenyewe inamfungia mtoto mlango. Chuo cha uvuvi cha FETA, Mbegani, kwa ngazi ya cheti kinataka ufaulu wa angalau D nne. Kijana anayeujua mkondo wa maji kuliko yeyote anabaki nje kwa kukosa D moja.

Kamati za shule zinapopanga ratiba Januari, zimwite mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, akae nazo mezani.

Mwalimu,
Kilwa Masoko