Programu yenu inauza mchele ambao haumo stoo

Mwananyamala,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

YAH: KULIPISHWA BIDHAA AMBAZO HAZIMO STOO, NA HALI YA STOO YENYEWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama lishe. Kila siku ya kazi napika sahani 60 hivi, wateja wangu wakubwa wakiwa mafundi wa gereji, na kwa miezi saba sasa nanunua vyakula kupitia programu yenu. Mlipoanza nilishukuru sana, kwa sababu nilikuwa naamka saa tisa usiku kuwahi sokoni na goti langu haliruhusu tena.

Jumapili ya wiki mbili zilizopita, saa nne usiku, niliagiza mchele kilo 20, maharage kilo 10, viazi, vitunguu na unga wa sembe. Kila kitu kiliandikwa kwamba kipo. Nikalipa papo hapo kwa simu, nikaahidiwa mzigo saa kumi na mbili asubuhi. Ulifika saa tatu kasoro robo, bila mchele wala maharage. Kijana wa bodaboda simlaumu, alikabidhiwa mfuko umeshafungwa. Nilipopiga simu kwenu niliambiwa, "Mama, mfumo ulionyesha vipo." Nikazima jiko, nikakodi bajaji mpaka Tandale, nikanunua mchele na maharage kwa fedha niliyoiweka kwa ajili ya ada ya mwanangu. Mafundi walikula saa nane na nusu. Wengine walikuwa wameshaondoka, na wawili hawajarudi kwangu hadi leo.

Kati ya shilingi 90,000 za bidhaa ambazo sikuletewa, mlinirudishia 52,500 baada ya siku tisa. Zilizobaki 37,500 mmeziandika kuwa "salio" ndani ya programu. Sikuomba salio. Nililipa fedha, nirudishiwe fedha.

Siku nilipokuja kufuatilia, mlinzi alinionyesha kiti karibu na mlango wa stoo, nikakaa pale zaidi ya saa nzima. Kabla ya kupika nilikuwa mtunza bohari wa shule ya bweni kwa miaka 11, kwa hiyo naandika nikijua nilichokiona.

Niliona binti mmoja akitafuta mafuta ya kupikia. Simu yake ilisema yapo madumu 14. Alifika kwenye rafu, akakuta mawili, moja likiwa limepasuka na kuchuruzika mpaka chini. Akaniambia kwa upole kwamba ndivyo ilivyo kila siku: hesabu haipungui mteja anapolipa, inapungua mzigo unapotoka mlangoni. Maana yake gunia moja likilipiwa usiku na watu watatu, wote watatu wanaambiwa lipo, na anayelipata ni yule aliyefungashiwa kwanza. Dumu lililopasuka halifutwi. Mzigo uliorudishwa na bodaboda unawekwa pembeni bila kuandikwa. Mimi mchele wangu ulipotelea hapo, kwenye pengo kati ya namba na rafu.

Shuleni tulikuwa na kadi kwenye kila rafu na leja mezani. Ikitoka kilo moja, inaandikwa saa hiyohiyo. Nilikuwa nahesabu rafu mbili tatu kila asubuhi, leo sukari na chumvi, kesho maharage, na kama kadi na rafu havikubaliani natafuta sababu kabla ya chai. Binti yule aliniambia kwenu mnahesabu mwisho wa mwezi tu. Kwa stoo inayotoa mizigo usiku na mchana, mwisho wa mwezi ni mbali mno.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya fedha. Mifuko ya unga imepangwa juu ya sakafu tupu, imeegemea ukuta wenye unyevu. Wa juzi umewekwa mbele, wa zamani umebanwa nyuma. Ule mlioniletea ulikuwa umebakiza siku nne kuisha muda wake, na nilipouchekecha nilikuta mabonge yenye harufu ya uvundo. Niliutupa wote. Mahindi na unga havichezewi: mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, Dodoma na Manyara. Sisemi unga wenu una sumukuvu, sina maabara. Nasema unga uwekwe juu ya chaga, uachane na ukuta, na unaokaribia kuisha muda utangulie kutoka.

Viazi na vitunguu mmevirundika pamoja karibu na mlango, juani. Vitunguu vinanyonya unyevu wa viazi na kuoza, na viazi vikipigwa mwanga vinageuka kijani na kuwa vichungu. Katika kilo 10 nilizoletewa nilitenga viazi 17, vina macho yaliyochipua urefu wa kidole, maganda yamekuwa kijani. Siwezi kumpa mtu chakula hicho akanilipa.

Naomba shilingi 37,500 zirudi kwenye simu yangu pamoja na bei ya unga niliotupa. Naomba pia mteja akishalipa, mzigo wake utengwe na hesabu ipungue palepale, na kitu kikikosekana apigiwe simu usiku huohuo, wakati bado ana nafasi ya kujipanga. Na vijana wale wa stoo, ambao hawakuketi hata dakika moja nilipokuwa pale, waongezewe mtu wa kupokea, kupima na kuandika.

Nimeambatanisha ujumbe wa malipo, picha za viazi na lebo ya unga. Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nakala ya barua hii na viambatanisho vyake nitaipeleka Tume ya Ushindani.

Wenu,

Mama lishe, mteja wenu wa Mwananyamala