Umeme na lifti katika majumba ya kale

Mhariri,

Wanaodhani kwamba jumba la kale likishatiwa nyaya, mabomba na lifti limeokoka, wakumbuke Clandon Park, jumba la karne ya 18 huko Surrey, Uingereza, linalolindwa kisheria kwa daraja la juu kabisa, ambalo Aprili 2015 liliungua karibu lote kwa hitilafu ya boksi la kugawia umeme lililokuwa orofa ya chini. Moto ulipanda upesi kupitia shimo la lifti na nafasi zilizofichika kutani. Sipingi umeme (nani atakaa gizani kwa heshima ya wahenga?), ila kila tundu linalotobolewa kupitishia waya lizibwe kwa kizuia moto, na ramani ya nyaya wakabidhiwe wazimamoto kabla fundi hajalipwa.

Msomaji wenu